Masikio ya Saa Nane Mchana

Niseme mapema ili mtu asije akadhani najisifu bure: katika kiwanda chetu cha misumari hapakuwa na mwenye masikio kama yangu. Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya mashine namba tatu. Waya unaingia upande mmoja, nyundo inagonga kichwa, visu viwili vinabana ncha, msumari unaanguka kwenye beseni. Mara mia tatu kwa dakika. Na mashine ziko nane kwenye safu, zote zinagonga kwa pamoja chini ya paa la bati. Ukiingia siku ya kwanza unahisi meno yanatikisika.

Humo ndani hatuzungumzi kwa mdomo, tuna mikono. Ngumi juu ya kichwa: msimamizi anakuja. Kuvuta shavu: fulani kanuna, usimsogelee. Nimewahi kugombana na Grisi, yule anayetia mashine mafuta, robo saa nzima bila hata mmoja wetu kutoa sauti, na safu nzima ikaelewa nani kampa mwenzake vidonge vyake. Mdomo naufungua nikitoka nje, na nikiufungua, mtaa mzima unajua nimepika nini na kimeungua saa ngapi. Ndiyo maana kazini wananiita Honi. Sijawahi kukasirika. Honi ni kitu cha maana, watu wanapisha.

Sasa, binti yangu wa pekee alijifungua mtoto wa kike, nikawa bibi. Jamani, furaha ile! Siku ya kwanza tu nilimbeba nikamwita mke mwenzangu, na mume wangu yuko safarini na lori lake, hata hajui kama kaongezewa mke. Mpango ulikaa vizuri. Likizo ya uzazi ikiisha, binti yangu angeingia zamu ya mchana kwenye duka la dawa, kuanzia saa tisa. Mimi natoka kiwandani saa nane. Saa nane na nusu niko nyumbani, nanawa, napokea mtoto. Hata kiti cha kumlishia nilikwisha kukinunua, na mtoto mwenyewe bado hajui kukaa.

Mwezi mmoja kabla ya likizo kuisha tukajaribu. Nilirudi kutoka kazini, binti yangu akaniachia mtoto amelala chumbani, yeye akaenda kusuka nywele hapo jirani. Mimi jikoni, nachambua mchele, moyo wangu umetulia. Kugeuka, namwona binti yangu mlangoni, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama. Mtoto yuko begani, uso umelowa, kwikwi zinamtoka moja moja. Nyuma yao jirani yetu kashika kiuno.

"Mama, mtoto kalia nusu saa! Jirani ndiye aliyekuja kuniita."

"Mtoto hakulia," nikasema.

"Mama!"

"Hakulia! Kutoka hapa mpaka kitandani ni hatua sita. Angelia ningesikia. Mimi, ninayesikia kisu kimechoka mashine ya nane nikiwa nimesimama ya kwanza? Huyu jirani ana lake jambo."

Jirani akaondoka bila kuaga. Binti yangu alimfuta mtoto uso, akachukua mkoba wake, akatoka, na jioni akanitumia ujumbe wa simu, hata kupiga hakupiga: Mama, nimeamua mtoto atakaa kwa mama mkwe.

Kwa mama mkwe! Huyo mkwe wangu, mama wa mume wake, ni mwanamke safi, mpole, anazungumza kama anayeogopa kuamsha vyombo. Sina ubaya naye. Lakini ni mtu anayevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, ili atie uzi kwenye sindano, halafu niambiwe yeye ndiye anafaa kulea, mimi sifai? Nililia siku ile. Mwanzo nililia kwa hasira, kisha hasira ikaisha na kilio kikaendelea. Nilimtaka yule mtoto. Nilitaka awe na alasiri zake kwangu, anijue, aizoee harufu yangu ya sabuni na chuma.

Basi niko katika hali hiyo, wiki ileile, ndipo anapoletwa kiwandani afisa mpya wa usalama. Binti mdogo tu, viatu vikubwa, daftari kwapani. Tukampa jina la Dada Usalama kabla hajamaliza kusalimia. Akatukusanya uwanjani, akafungua boksi, akatoa vitu kama vikombe viwili vilivyounganishwa kwa utepe mgumu. Vya kuziba masikio. Kila mtu vyake, kuanzia leo.

Nikapaza sauti. "Binti, wewe ni mgeni, hatukulaumu. Hapa sisi tunafanya kazi kwa masikio. Kisu kikiwa butu, msumari unatoka na mkia nchani, na humuoni fundi akikimbia mpaka mtu asikie. Mashine nzima inasema taka-taka-taka. Ikiumwa inasema taka-shi, taka-shi. Tukiziba masikio, nani atasikia hiyo shi? Wewe na daftari lako?"

Watu wakacheka. Dada Usalama akacheka pia, jambo ambalo lilinichukiza.

"Kelele ya humo ndani inaharibu masikio, Mama. Kidogo kidogo, na haiumi."

"Yangu yalikwisha kuzoea zamani."

"Masikio hayazoei, Mama. Yanakufa, na wewe unadhani umezoea."

Nikamwambia masikio yangu hayahitaji matanga. Wenzangu karibu wote wakawa upande wangu. Aliyenisaliti ni Grisi. Mtu mzima, ana wajukuu wanne, akaenda mbele akachukua vikombe akavivaa palepale juu ya kofia, vikakaa vibaya, akavua kofia akavivaa tena. Nikamuuliza kwa mikono kama amekuwa rubani. Akanijibu kwa mikono kwamba nimuache.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nakiri nililifanya kwa kiburi tupu. Nikamwita fundi mitambo mbele ya wote. Nikasema: Ijumaa ijayo, fundi afunge kisu butu kwenye mashine moja, asituambie ni ipi. Mabeseni yote yafunikwe magunia, mtu asichungulie. Mimi na masikio matupu, Grisi na vikombe vyake, tupite kwenye safu na kila mmoja aonyeshe mgonjwa ni nani. Tufanye asubuhi, na tufanye tena kabla ya kutoka, maana kumshinda mara moja hakutanitosha. Nikishinda, boksi linarudi stoo.

"Na ukishindwa?" Grisi akauliza.

"Thubutu! Nikishindwa nitavivaa mpaka nistaafu."

Ijumaa ikafika. Nililala vizuri, nikaamka vizuri, nikasuka nywele nyuma ili masikio yakae wazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashine zimewaka zote, nikaanza kutembea, mikono nyuma kama mkaguzi. Sikufika hata ya tano. Niliisikia kutoka mbali, taka-shi, taka-shi, namba saba, nikanyoosha mkono. Grisi naye aliipata, lakini alikwenda polepole mpaka akaifikia. Fundi akafunua gunia: mikia mitupu. Safu nzima ikainua mikono na kuitikisa, ndivyo tunavyopiga makofi sisi. Nikacheza kidogo. Sawa, nikacheza sana. Dada Usalama aliandika kitu kwenye daftari, nikamwonea huruma.

Tukarudi kazini, magunia yakabaki juu ya mabeseni. Mapumziko ya saa tano nikanywa chai na kusimulia ushindi wangu kwa watu walioushuhudia wenyewe.

Saa saba na nusu tukaitwa tena. Nikaanza kutembea. Namba moja, mbili, tatu. Nne, tano. Nikafika ya nane, nikasimama. Sikuwa nimesikia kitu. Nikasema moyoni, tulia, mwanamke, umeenda haraka. Nikarudi. Zote zilikuwa sauti moja, uji mtupu, hakuna punje. Na ndani ya kichwa kulikuwa na mlio mwembamba, wiii, ule ninaotoka nao kazini kila siku na ambao sikuwahi kuuhesabu kuwa kitu. Nikapita mara ya tatu. Watu wameanza kutazamana. Jasho linanitoka. Nikanyoosha mkono kwenye namba sita, kwa kubahatisha, Mungu anisamehe.

Grisi akapita mara moja tu. Akasimama mbele ya namba tatu.

Mashine yangu. Nikatikisa kichwa kumkatalia, namba tatu naijua kuliko ninavyoujua mkono wangu. Fundi akafunua gunia. Beseni zima, mkia juu ya mkia. Kisha akaonyesha saa yake na vidole vitano, nikaelewa: alikuwa amekifunga kile kisu wakati wa mapumziko ya saa tano. Kwa muda wa saa mbili na nusu nimesimama mbele ya mashine yangu mwenyewe, inanililia usoni, na mimi naitazama tu.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Grisi alivua vikombe, akaweka kiganja kifuani. Kwetu hiyo ni pole.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za stoo. Dada Usalama akaja akakaa pembeni, daftari hakulileta.

"Asubuhi ulimshinda kwa haki, Mama," akasema. "Masikio yako ni hodari. Lakini yamefanya kazi tangu alfajiri bila hata paa la kujikinga. Ya Grisi yalikuwa kivulini."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika tano. Ndipo jambo lilipoingia kichwani mwangu lote kwa mara moja. Haya masikio, haya ya saa nane mchana, ambayo hayakumsikia mgonjwa wangu mwenyewe, ndiyo niliyokuwa nayapeleka nyumbani kila siku. Ndiyo niliyokuwa nayo jikoni.

"Mtoto alilia," nikasema.

"Mtoto gani, Mama?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilizungumza na mtu akaniomba nipandishe sauti. Mwishoni nikamuuliza kama yatarudi.

Binti yule hakunidanganya, na kwa hilo nampenda mpaka leo. "Sehemu za sikio zilizochoka zinapumzika, zinarudi, baada ya saa nyingi au usiku kucha. Zilizokufa hazirudi. Na kila siku ukizichosha hivi, nyingine chache zinavuka kwenda upande ule."

Wiki iliyofuata muuguzi akaja na mashine yake ya kupimia. Unaingia kwenye kibanda, unavaa spika za masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nilibonyeza hata ambapo hakukuwa na kitu, ili nionekane nasikia. Akanigundua, akanisema kama mtoto wa shule, tukaanza upya. Karatasi ikaonyesha mstari unaokwenda vizuri, halafu unateremka. Sauti nene ninazo. Zile nyembamba sana, za juu, nyingine zimekwenda.

"Zilizobaki zinanitosha kulea?" nikamuuliza.

"Ukizitunza," akasema.

Ukizitunza! Haya sasa. Mimi kitu nikikishika nimekishika. Nilivaa vikombe siku hiyohiyo. Mwanzoni vilinibana, vikanitoa jasho, nikajiona nimefungiwa ndani ya ndoo. Siku ya tatu nikashtuka: nilikuwa naisikia mashine yangu, taka-taka-taka, ndogo, safi, peke yake, kama imevuliwa koti. Nikamuita Grisi kwa mikono nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba aliniambia wiki nzima, mimi nikamuuliza kama amekuwa rubani.

Dada Usalama akasema vikombe peke yake havitoshi, kelele yenyewe ipunguzwe inakotoka. Basi tukaenda wote wawili kwa meneja, yeye na karatasi, mimi na koo langu. Baada ya nusu saa meneja alikubali vipande vya mpira viwekwe chini ya miguu ya mashine zote, na mabati yaliyolegea yakazwe. Nasikia alipotoka aliomba vidonge vya kichwa. Na mtu akithubutu kuingia kwenye safu bila vikombe, simpelekei msimamizi. Namtoa nje, namwambia kwa mdomo. Wanaona afadhali msimamizi.

Na nyumbani, jamani, nyumbani! Wiki ya pili nikaingia mlangoni, nikasimama nikaufungua tena na kuufunga tena. Mlango unalia! Nikampigia simu binti yangu kumuuliza mlango huu unalia tangu lini.

"Tangu nilipokuwa darasa la tatu, Mama."

Mfereji wa jikoni unadondosha. Saa ya ukutani ina mlio. Sufuria ikianza kuchemka inatetemeka kifuniko kabla haijamwagika, nani alijua? Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Ule mlio wa kichwani, wiii, ukawa unanisindikiza mpaka getini tu, halafu siku nyingine hauji kabisa.

Jumapili ya mwisho kabla ya likizo kuisha, binti yangu akaja na mtoto, na mkwe akaja naye, kwa kuwa walikuwa wanapanga mambo ya kesho yake. Niliwakaribisha, nikawapa chai. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini mkwe akanitangulia. Alitoa kwenye mkoba mdoli wa kitambaa aliomshonea mtoto, ndani kuna kengele ndogo. Akautikisa mbele ya mtoto, mtoto akageuza shingo, macho yakang'aa.

"Unasikia kengele yenyewe ilivyo nzuri, mkwe?" akaniuliza kwa wema kabisa.

Binti yangu akanitazama.

Ningeweza kusema ndiyo. Haki ya Mungu, ulimi ulikuwa umekwisha jikunja kusema ndiyo.

"Siisikii," nikasema. "Naona tu mkono wako unacheza. Sauti za namna hiyo zimekwenda, muuguzi kaniambia hazirudi." Kisha nikamgeukia binti yangu, maana nilijua nikinyamaza sitasema tena. "Siku ile mtoto alilia, mwanangu. Alilia na mimi sikumsikia. Nilitoka kiwandani na masikio yamekufa ganzi, na badala ya kukuomba radhi nikamtukana jirani. Sasa nayalinda. Mtoto wako namsikia, hata akiguna. Lakini akilala, nitakaa chumba hichohicho, mchele nitachambulia humohumo. Ukiona haitoshi, mpeleke kwa mkwe, sitanuna." Nikafikiri kidogo. "Nitanuna. Lakini nitaelewa."

Mkwe aliutazama mdoli wake, akauweka chini taratibu. Binti yangu alikuwa analia na kucheka vyote pamoja.

"Mama," akasema, "kutosikia kwako hakukunitisha. Watu wangapi hawasikii na wanalea? Kilichonitisha ni ulivyonitazama machoni, mtoto ananililia begani, ukaniambia hakulia. Nitamwachaje kwa mtu ambaye nikimuuliza hataniambia?"

Nikamwendea jirani kesho yake asubuhi na mapema kabla ya kazi, nikamwomba radhi mlangoni kwake, akasema amekwisha sahau, na usoni naona hajasahau hata kidogo, lakini alinipokea.

Jumatatu saa nane na nusu nilikuwa nyumbani. Binti yangu akanikabidhi mtoto, chupa, nepi, na maagizo ambayo ningeweza kumwandikia mimi. Akaondoka haraka ili asigeuke nyuma. Mkwe atachukua Jumanne na Alhamisi, tulikubaliana hivyo, na tuone nani atapendwa zaidi.

Nilikaa chumbani kwenye kigoda, sinia la mchele magotini. Mke mwenzangu alilala, akaamka. Hakunitafuta. Alikuwa anajitazama vidole, anavifungua na kuvifumba, na mimi namtazama anavyojitazama. Mara kile kidole gumba kikamwingia puani mwenyewe. Akashangaa. Halafu ikatoka sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika nyumba ile wala nyumba yoyote, hek, hek, ndogo, kutoka tumboni. Mchele ulimwagika wote.

Binti yangu alirudi saa mbili kasoro usiku, anahema, hata viatu hakuvua.

"Alilia?"

"Hakulia," nikamwambia. "Alicheka. Kwa sauti. Mara mbili."

Akanitazama usoni. Kisha akakaa sakafuni palepale kwenye punje za mchele, na mkoba wake begani, akasema, "Nisimulie, Mama. Anza mwanzo."